Ng'oa Tu, Ni la Maziwa

"Daktari, ng'oa tu. Si ni la maziwa?"

Mama aliyesema hivyo alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya kliniki moja ya meno mjini Kisumu. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo sisi wa kwenye benchi tulisikia yote. Mvulana wake alikuwa na miaka sita na kitu. Alivaa sweta ya shule licha ya joto hilo, na ncha ya leso ya mamake alikuwa ameizungusha kidoleni hadi kidole kikabadilika rangi. Mdomo kaufunga kabisa. Daktari, msichana ambaye sidhani amefika miaka thelathini, hakumwambia aufungue. Alimuuliza jina la mwalimu wake. Kisha akamuuliza kama mwalimu huyo ana pengo. Mtoto akacheka kabla hajakumbuka kwamba hatakiwi kucheka, na daktari akaona alichotaka kuona.

"Mama," akasema, "hili si la maziwa. Hili ndilo la kuzeekea."

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa, likipita magego ya maziwa. Halisubiri jino lolote ling'oke ili lipate nafasi. Hakuna pengo wala jino la kurusha juu ya paa. Mzazi anatazama mbele, akisubiri meno yadondoke, kumbe huko nyuma ameshaingia mgeni atakayekaa miaka sabini. Na kwa kuwa mtoto bado ni mdogo, kila kilicho mdomoni mwake kinaitwa cha maziwa.

Simlaumu mama yule. "Ng'oa tu" ina hesabu yake, na hesabu yenyewe si mbaya. Alikuwa amefunga kibanda siku nzima. Nauli ya matatu ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Kwenye ubao wa bei pale ukutani, kung'oa ndiko kulikokuwa rahisi kuliko vyote. Kuziba ni mara kadhaa ya bei hiyo. Kutibu mzizi kumeandikwa chini kwa kalamu ya rangi nyingine, kama jambo lililokumbukwa baadaye kwa ajili ya watu wa Milimani, mtaa wa wenye nazo. Kung'oa ni safari moja. Maumivu yanaisha leo, kesho mtoto yuko darasani. Mwenye elfu moja mfukoni atachagua nini?

Ambacho hakikuandikwa ubaoni ni zile dakika za kuulizana habari za mwalimu mwenye pengo. Na hapo ndipo penye shida yetu. Tunazungumza kana kwamba kumtibu mtoto meno kwa upole ni anasa ya kliniki za Nairobi zenye katuni ukutani na televisheni darini. Mimi naona upole haujatushinda kwa bei. Umetushinda kwa sababu hatujauhesabu kuwa kazi. Daktari halipwi kwa ajili yake, kaunti haiupimi, na sisi wazazi hatuuombi. Tunachoomba ni koleo.

Tena tunaliomba tukiwa tumeshamharibia daktari kazi nyumbani. Ukiiba sukari, polisi. Ukilia usiku, fisi. Ukila peremende, daktari wa meno na sindano yake. Mtoto analelewa miaka mitano akijua kwamba yule mtu ni adhabu, halafu siku anayoumwa tunamwingiza mlangoni tukimwambia "haumi hata kidogo," maneno ambayo dakika mbili baadaye yatakuwa uongo. Madaktari wa watoto wana utaratibu wao wa siku nyingi: mwambie mtoto utakachofanya kwa maneno yake, mwonyeshe, kisha ufanye hicho hicho ulichosema na si kingine. Sisi tunamwambia jambo lisilo kweli, hatumwonyeshi chochote, kisha tunamshika miguu.

Babu yangu hakuwa na meno sita ya chini mbele. Alikuwa katika kizazi cha mwisho mwisho cha Waluo waliotolewa meno kwa desturi ya nak, na sababu aliyotupa sisi wajukuu ilikuwa ya kitabibu: mtu akishikwa na pepopunda, taya zikikaza, uji utapita kwenye pengo. Nilipenda maelezo hayo. Lakini alituambia pia kwamba aliyelia siku hiyo alikumbukwa kwa kilio hicho hadi uzeeni. Nak imekwisha. Ila nikiketi kwenye benchi la kliniki ya meno na kumsikia baba akimwambia mwanawe wa miaka minne "wewe ni mwanaume, nyamaza," namsikia babu.

Sasa, jino la maziwa lenyewe. Mtoto ana meno 20 ya maziwa, na dharau yetu kwa meno hayo imetokana na jina: maziwa huisha. Meno ya mbele ndiyo yanayoisha mapema. Magego ya maziwa hukaa hadi miaka kumi, kumi na moja, hata kumi na mbili, na muda wote huo yanashikilia nafasi ya wenzao walio chini ya ufizi. Ling'oe mtoto akiwa na miaka mitano na jirani yake ataanza kulala upande wa pengo kama abiria wa matatu ya usiku. Jino la kudumu likija linakuta kiti kimekaliwa, linaota mbele au nyuma ya safu. Mtoto huyo akifika sekondari anaambiwa anahitaji nyaya za kunyoosha meno, ambazo bei yake haifanani hata kidogo na ile ya kung'oa. Familia nyingi hapo huacha tu, na msichana anajifunza kucheka na kiganja mdomoni.

Kuna nyakati ambapo kung'oa ndiyo tiba. Jino limeota usaha, shavu limevimba, mtoto ana homa: hapo asikudanganye mtu na dawa ya kupaka. Ninalolalamikia ni kwamba tumefanya tiba ya mwisho kuwa ya kwanza na ya pekee, ilhali katikati kuna mengi, na mojawapo limezaliwa hapa jirani.

Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, wataalamu wa meno walikabiliwa na swali ambalo zahanati yoyote ya Nyando au Bungoma inalijua: utazibaje jino mahali pasipo na umeme? Jibu lao lilikuwa vifaa vya mkono. Kijiko kidogo chenye makali hukwangua ule uozo laini tu, sehemu ngumu inaachwa, kisha shimo linajazwa saruji ya meno inayoshika yenyewe na kutoa kidogo kidogo floridi, madini ya kuimarisha meno. Hakuna mashine inayolia. Mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi, kwa sababu uozo laini hauna hisia kali. Shirika la Afya Duniani liliinadi mbinu hiyo mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa, na leo inafundishwa mabara yote. Jambo lililobuniwa Tanzania likaenda Brazili na China, nasi tukalipita barabarani tukielekea kwenye koleo.

La pili ni dawa ya matone yenye madini ya fedha na floridi. Wajapani wameitumia zaidi ya miaka 50. Daktari anakausha jino, anapaka tone kwa kiburashi, anahesabu dakika moja hivi, basi. Mara nyingi uozo unasimama, na kila baada ya miezi kadhaa dawa hurudiwa. Kuna na kofia ya chuma ambayo Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti, alikuwa akiisukuma juu ya gego la maziwa bila kuchimba chochote, akiufungia uozo ndani ufe njaa; matokeo ya kazi yake yalichapishwa 2006. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi, saruji ile na matone yale kwenye orodha yake ya dawa muhimu, orodha ile ile yenye dawa za malaria na pepopunda. Kwa maneno mengine, dunia imekubali kwamba hivi si vitu vya matajiri. Mganga mkuu wa zahanati anaweza kuviagiza bila kuona haya.

Matone yana kasoro moja, nayo si ndogo: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tititi. Niliwahi kumweleza jirani yangu Nakuru, mama wa mtoto wa miaka mitatu, jinsi dawa hiyo inavyofanya kazi. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, hapa tumechekwa vya kutosha kwa rangi ya meno."

Alikuwa na haki. Mimi nimehamia Nakuru. Yeye amezaliwa Njoro, huko huko Nakuru, na meno yake ya mbele yana mistari ya kahawia tangu yalipoota. Mtu wa Kisumu akienda chuoni Nairobi anaulizwa kuhusu samaki. Mtu wa Nakuru anaulizwa kama huwa anapiga mswaki.

Nakuru na Kisumu zina matatizo mawili ya meno yanayoelekea pande tofauti, na ujumbe mmoja wa redio hauwezi kuyatibu yote. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa imejaa floridi, na maji ya visima vinavyochimbwa humo hupanda nayo. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Nakuru vinakipita, vingine hupita 5. Floridi nyingi haiozeshi jino. Inaliharibu likiwa bado linajengwa ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, kwa hiyo linapotokeza tayari lina madoa, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Maji ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo kuliko visima hivyo. Huku Kisumu meno huota meupe, kisha sukari inayamaliza.

Sasa mwambie mama wa Njoro anunue dawa ya meno yenye floridi. Atakutazama kama aliyechomwa na jiko akaambiwa akumbatie makaa. Nimewasikia wazazi Nakuru wakisema wanawapigisha watoto mswaki kwa chumvi au kwa maji matupu ili kukwepa floridi, na wengine wakijivuna kwamba wanachemsha maji vizuri.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa hofu imekaa mahali pa hesabu. Dawa ya meno ya kawaida yenye floridi sehemu 1000 kwa milioni ina miligramu moja kwa kila gramu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatakiwa kupakiwa kiasi cha punje ya mchele, kama sehemu ya kumi ya gramu. Hata akiimeza yote, amemeza miligramu 0.1. Kikombe kimoja cha chai, robo lita, kilichopikwa kwa maji ya kisima chenye miligramu 5 kwa lita, kina miligramu 1.25, na hapo sijahesabu floridi ya majani ya chai yenyewe. Kikombe hicho ni zaidi ya punje kumi na mbili za dawa. Mtoto anakunywa vikombe vingapi kwa siku, pamoja na uji? Adui yuko kwenye mtungi, sisi tunapigana na mswaki.

Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo unaongeza ukali wake. Dawa ya kuua viini kwenye maji haiigusi. Kinachosaidia ni maji ya mvua ya paa la mabati, ambayo karibu hayana floridi, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imelisambaza tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi ule mkaa ubadilishwe ukichoka. Na kama maji salama ni ya madebe mawili tu nyumbani, yawe ya mtoto mchanga. Baba atakunywa ya kisima. Meno yake yalishajengwa zamani.

Kuna na jambo la kumfariji mama wa Njoro: maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata mama mwenyewe akinywa ya kisima. Mtoto anayenyonya amekingwa. Anayeingia hatarini ni yule anayekorogewa uji au maziwa ya unga kwa maji hayo hayo katika miaka ile ambayo meno ya mbele yanajengwa. Hilo linapaswa kusemwa kliniki ya wajawazito. Kumwambia mtoto wa darasa la saba ni kumsimulia mvua ya mwaka jana.

Nije kwa watoto wachanga. Mtoto akikaribia kuota chonge, ufizi huvimba na kuonekana weupe chini yake. Wakati huo huo anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, anaharisha, anapata homa. Watu wakaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Tanzania wanaita meno ya plastiki, Uganda ebinyo. Kwetu utafiti umeyaandika hasa kwa Wamaasai, na Kaunti ya Nakuru inapakana na Narok. Mtaalamu wa kienyeji anafungua ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli iliyonolewa, anatoa kijichipukizi cheupe cha jino na kumwonyesha mama: huyu ndiye mdudu. Mama anamwona mdudu kwa macho yake. Nani atambishia? Mtoto anapata kidonda, pengine pepopunda, na chonge la kudumu lililokuwa chini linaota kombo au halioti. Kumbe tiba ya kuhara ilikuwa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, ya kumrudishia maji mwilini, na homa kali ilitaka kupimwa malaria. Kuota meno hakuleti homa kali.

Napendekeza kitu kimoja hapa, na hakihitaji jengo. Mtoto wa Kenya hupelekwa kudungwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa, kisha kumi na minane. Miezi tisa, wengi wana meno mawili au zaidi. Miezi kumi na minane, magego ya kwanza ya maziwa yameshaota. Nesi tayari amemshika. Amwinue mdomo wa juu kwa kidole, aangalie kama kuna mstari mweupe kandokando ya ufizi, ambao ndio mwanzo wa kuoza na ambao bado unaweza kurudi nyuma. Amuulize mama swali moja: analala na nini mdomoni? Chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, inayonyonywa usingizini wakati mate yamepungua, ndiyo inayokata meno ya mbele ya juu yakabaki visiki. Sekunde thelathini. Akiona kitu, ampeleke kwa ofisa wa afya ya kinywa. Wapo waliosomea KMTC, chuo cha taifa cha mafunzo ya tiba, na nashuku wengi wao muda mwingi wanasimama karibu na koleo.

Vijana nao tumewaacha katikati. Ni wakubwa mno kwa katuni, na hawajawa wakubwa kiasi cha kulipa. Magego ya pili ya kudumu huota wakiwa na miaka kumi na miwili, hakuna anayeyaangalia. Ndio wanaoshika soda ya nusu lita na kuionja alasiri nzima, wasijue kwamba kila funda huanzisha upya asidi inayokula jino kwa nusu saa hivi, na kwamba heri soda ile ile inywewe yote na chakula iishe. Wa Nakuru wana mzigo wa ziada. Nimeona kijana akisugua meno kwa mkaa na ndimu, akiutoa hata ule ukoko mgumu wa jino uliosalia, ili picha zitoke vizuri. Kwake upole ni kuambiwa kwanza kwamba si uchafu wake. Baadaye aambiwe kwamba madoa mepesi daktari anaweza kuyapunguza kwa kusugua juu juu kwa dawa maalum, na yaliyozama yanaweza kufunikwa. Aambiwe hivyo akiwa peke yake, bila mama kusimama pembeni akisema "nilikuambia".

Nirudi Kisumu. Yule mvulana hakung'olewa. Shimo lake halikuwa la kina, na daktari alilikwangua kwa kijiko huku mtoto mwenyewe akishika kioo. Nilisikia akiuliza kama kijiko hicho hula uji pia. Walitoka, mama akikunja risiti, akiwa na uso wa mtu ambaye bado hajui kama ameokolewa au ameuziwa.

Zamu yetu ikafika. Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka mitatu, haumwi popote, nimemleta tu amzoee daktari kabla hajamhitaji. Hakupandishwa kwenye kile kiti kikubwa. Daktari alivuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu, tukamlaza mtoto katikati, miguu kwangu, kichwa mapajani mwa daktari, macho yake yakinitazama mimi. Walihesabu meno pamoja. Mtoto akafika kumi na nne, akarudi nane, akaruka hadi mia. Daktari akasema ni ishirini, yote mazuri, akampa glovu moja ipulizwe iwe jogoo. Tulichukua karibu dakika ishirini.

Dirishani, karani aliangalia karatasi, akaigeuza, akaangalia nyuma yake.

"Huyu hajafanyiwa kitu," akaniambia. "Nendeni tu."